Pindo la Nguo ya Katani

Mzee Lau alipofariki, Laetitia aliacha kupaka rangi ya mdomo. Akalitoa pazia jekundu la sebuleni na kutundika la kijivu, lililokuwa limekunjwa tangu walipohamia nyumba ile. Nyama akawa haigusi. Mumewe, Alain, aliyaona yote hayo, na moyoni alianza kuyapanga kama anavyopanga vipande vya kitambaa mezani kabla ya kushona, akitafuta kipi kinaingia wapi.

Alain alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na chumba kidogo cha kushonea mtaa wa Berea, mjini Durban, alichochangia na kijana wa kutengeneza simu, na akina mama wa kanisa lao, wengi wao Wakongo kama yeye, walimpelekea vitenge vyao. Mkewe alifanya kazi Overport, mtaa wa jirani, kwenye duka la Mzee Lau, duka la birika, mabeseni, maua ya plastiki na takataka zote ambazo nyumba haiwezi kuishi bila hizo. Alianza kazi pale binti yao Lyse akiwa bado anatambaa, na sasa Lyse alikuwa msichana wa kujisukia nywele mwenyewe. Miaka yote hiyo Alain alimjua mzee kama bosi wa Kichina na hakuna zaidi. Alimsalimia mlangoni, akapewa mkono, basi. Alitegemea mkewe ahuzunike kama mtu aliyefiwa na bosi. Alichokuwa anakiona nyumbani kilizidi kipimo hicho.

"Hata pazia?" alimuuliza asubuhi moja.

"Nyekundu haifai wakati wa msiba."

"Msiba wa nani?"

Laetitia alimtazama kidogo, kisha akaendelea kufuta meza. "Utachelewa kazini, Papa Lyse."

Jumamosi, Laetitia akiwa sokoni na mtoto, Alain alipanda juu ya kiti kutafuta mkoba wake wa zipu juu ya kabati. Nyuma ya mablanketi alikuta furushi la karatasi. Angeweza kuliacha. Alilifungua.

Ndani mlikuwa na nguo ambayo hajawahi kuona mfano wake. Ilikuwa ya katani mbichi, rangi ya majani makavu, nzito na yenye kukwaruza kama gunia la viazi, pamoja na kofia ya kufunika kichwa hadi mabegani. Ilishonwa kwa mkono. Mishono ilikuwa nje badala ya ndani. Na kote chini, na kwenye mikono, ukingo haukupindwa. Ulikatwa tu kwa mkasi ukaachwa, nyuzi zikining'inia.

Kilichomfanya akae kitandani hakikuwa ukingo. Kilikuwa mabega. Bega la kushoto la Laetitia liko chini kidogo kuliko la kulia. Ni kitu ambacho jicho la mtu wa kawaida halikioni. Alain alikijua kwa sababu kila gauni la mkewe alilishona yeye. Na nguo hii nayo ilikijua. Bega la kushoto lilikuwa limeshushwa kwa upole, sawasawa kabisa.

Kuna mtu aliyempima mkewe, kwa futi au kwa viganja.

Alilifunga furushi vile vile lilivyokuwa, akalirudisha. Laetitia aliporudi na nyanya zake, alimsaidia kubeba mfuko na kumuuliza kama taxi, basi dogo la abiria, ilikuwa imejaa.

Jumatatu alikuja Sultan kwenye chumba cha Alain cha kushonea. Huyu alikuwa Mtanzania, mzaliwa wa Unguja, aliyeoa katika familia za Wazanzibari wa Chatsworth, kitongoji cha Durban. Kabla ya kutulia Durban alikuwa akienda na kurudi Guangzhou, Uchina, kununua mali, na hakuacha mtu yeyote asahau jambo hilo. Alileta suruali ya kufupishwa. Alain akamwinamia miguuni na pini mdomoni, na alipomaliza kuzichomeka akauliza, kana kwamba ni jambo la kupitisha muda tu, "Wewe si ulikaa na Wachina? Nguo kama gunia, imeshonwa nje-ndani, ni ya nini?"

"Umeiona wapi?"

"Iko mteja mmoja. Ameniletea."

"Mchina?"

"Hapana. Mwanamke wa kwetu Kongo."

Sultan aliacha kujitazama kwenye kioo. "Kaka, hiyo ni nguo ya msiba. Na si ya kila mtu. Wale wenzetu msiba wao umepangwa, bwana. Ukiingia tu unajua nani ni nani kwa marehemu, hata kama hujui neno la lugha yao. Unasoma nguo. Mjukuu buluu. Mkwe nyeupe. Jirani anafungiwa kitambaa kwenye mkono, basi. Kadiri mtu alivyo mbali na marehemu, ndivyo nguo inavyokuwa laini. Vijana wa siku hizi hawajali, wanavaa tisheti nyeusi na miwani. Ila wazee waliotoka vijijini, hao huwachezei."

"Na gunia lenyewe? Lisilopindwa ukingo?"

"Hilo ndilo zito kupita yote." Sultan alishusha sauti ingawa kijana wa simu alikuwa ametoka. "Mwenyeji wangu kule alifiwa na baba, niliona kwa macho yangu. Nyuzi zinaning'inia hivi, kwa watoto wake wa kiume. Na kwa mke."

"Mke."

"Mke. Hata mke mdogo, kama yupo." Akavua suruali, akaikabidhi. "Huyo mteja wako, mimi ningekuwa wewe nisingejiingiza."

Alain aliifupisha suruali ile vibaya, ikabidi aifumue.

Tangu hapo alianza kukumbuka Alhamisi. Kila Alhamisi Laetitia alichelewa kurudi. Alisema wanahesabu mali dukani. Miaka miwili hivi ya Alhamisi, na Alain hakuwahi kujiuliza duka la mabeseni lina kitu gani cha kuhesabiwa kila wiki. Alikumbuka pia kwamba zamani kidogo, kwa majuma mengi, mkewe alikuwa akiingia nyumbani na kishimo cha pini kwenye mkono wa kushoto wa koti lake. Alikiona kwa sababu ni fundi. Alidhani ni beji ya kazini.

Jioni ile Laetitia alimwambia kwamba mazishi ni Jumatano asubuhi. "Wewe ubaki kwenye kazi. Nitaenda mwenyewe."

"Nitakuja."

"Kufanya nini?"

"Bibi yangu anaenda kwenye kilio, mimi nibaki nashona? Watu watasema nini?"

Laetitia aliiacha chai yake mpaka ikapoa. "Basi usivae nyekundu," alisema. "Na wakati wa kutoka usiage mtu. Kwao hawaagi."

Alijua mengi mno. Alain akaliweka na hilo kwenye meza yake ya vipande.

Nyumba ya Mzee Lau ilikuwa juu ya kilima, mtaa wa nyuma ya maduka. Jumatano ile geti lilikuwa wazi na uani kumetandazwa turubai. Jeneza lilikuwa sebuleni, mlango ukiwa umeachwa wazi ili watu waingie, wainame mara tatu, watoke. Kioo cha ukumbini kilikuwa kimefunikwa shuka. Kwenye pipa la chuma uani mzee mmoja alikuwa akichoma karatasi za dhahabu, moja moja, bila haraka. Majirani Wahindi walikaa upande mmoja wa uani, mama wawili Wazulu waliokuwa wateja wa siku nyingi upande mwingine, na kila mmoja alikuwa amefungwa kipande cha kitambaa cheupe mkononi.

Alain alisimama karibu na ukuta na kusoma nguo. Sultan hakudanganya. Watoto wawili waliokuwa wakikimbizana walikuwa na buluu. Karibu na jeneza, peke yake, alisimama mwanamume mnene wa makamo, amevaa gunia juu ya suti nzuri, nyuzi zikimning'inia magotini. Huyo alikuwa Desmond, mtoto pekee wa marehemu, aliyekuja kutoka Johannesburg. Na Laetitia alikuwa ameingia ndani kwa gauni lake jeusi, furushi kwapani, bila kubisha hodi kwenye mlango wa jikoni, kama mtu anayeujua.

Hakukaa sana. Alitoka na furushi lake vile vile, macho chini, na Desmond akatoka nyuma yake. Alitazama huku na huku, akamwona Alain, akamjia moja kwa moja.

"Wewe ndiye mume?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Ni mimi."

"Njoo huku."

Walisimama nyuma ya gari la kubebea maiti. Desmond alinuka moshi na alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Mama yangu anasema huyu mke wako avae nguo hii na apige magoti nyuma yangu. Mbele ya watu wote. Unajua maana yake?"

"Nimeambiwa."

"Basi niambie na mimi. Alikuwa nani kwa baba yangu?"

"Mimi ndiye niliyetaka kukuuliza wewe."

Walitazamana. Hakuna aliyetegemea jibu hilo, hata Alain mwenyewe.

"Kila Alhamisi mchana duka lilikuwa limefungwa," alisema Desmond polepole. "Nilikuwa napiga simu, haipokelewi. Baba alisema usikivu wake umepungua."

"Kwangu alisema wanahesabu mali."

"Kila wiki?"

"Kila wiki."

"Eish," alisema Desmond. Alijifuta uso kwa mkono wa gunia, likamkwaruza. "Kwa muda nilifikiri labda ni mtoto wake wa nje. Lakini baba hakuwahi kufika Kongo. Hata Johannesburg alikuja mara chache, analalamika baridi."

Katika siku nyingine yoyote Alain angecheka. Walisimama pale kama watu wawili waliopotea njia wakakutana kwenye robot moja ya kuongozea magari, kila mmoja akiwa anategemea mwenzake ajue mtaa.

"Nani anapiga kelele kwenye kichwa cha mume wangu?"

Alikuwa Mama Lau. Alikuwa mdogo kuliko Alain alivyomkumbuka, amezama ndani ya gunia lake mwenyewe, na aliongea Kiingereza cha dukani kilichochanganywa na Kizulu, lugha mbili alizouzia mabeseni maisha yake yote Durban. Laetitia alikuwa nyuma yake, amemshika kiwiko. Desmond alianza kumjibu kwa Kichina, akakatizwa kwa kiganja.

"Sema ili huyu naye asikie. Ni mambo yake pia."

Alain alijua kwamba akinyamaza sasa atanyamaza miaka. Alichukua furushi mikononi mwa mkewe, akalifungua, akashika ukingo wa chini wa ile nguo.

"Mama, pole sana kwa msiba," alisema. "Mimi ni fundi wa nguo. Hii haikupindwa. Nimeambiwa kwamba isiyopindwa ni ya mke."

Mama Lau aliinamia kitambaa mpaka pua ikakaribia kukigusa. Alipoinua uso alikuwa amekasirika, lakini hasira yenyewe haikuwa ya aina aliyoitegemea Alain.

"Ni ya mke," alisema. "Ni ya mtoto wa kiume. Ni ya binti asiyeolewa. Binti aliyeolewa, yake inapindwa, kwa sababu ana nyumba nyingine. Nilishona yangu, nikashona ya Desmond, nikaanza ya huyu." Akainua mikono yake. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye vifundo na kupinda kando, kama mizizi ya tangawizi. "Mikono ikakataa. Nikamwambia Laetitia, peleka nyumbani, mume wako ni fundi, yeye atamaliza. Hakukupa?"

Alain alimgeukia mkewe.

"Niliogopa," alisema Laetitia.

"Pindo ni wewe," Mama Lau alimwambia Alain, na kumgonga kifuani kwa kidole kimoja kilichopinda. "Unaelewa? Pindo linasema ana mume. Sasa kaa chini ushone. Saa ya kutoka imekaribia, na siwezi kumtoa mzee wangu na binti ambaye nguo yake haijaisha."

Wakamletea kiti cha plastiki na sindano. Hapakuwa na cherehani wala ovaloki ya kufungia ukingo, alikuwa na mikono yake tu. Katani ni ngumu, uzi unakwama, na kila mchomo ilibidi ausukume kwa kucha. Laetitia alipiga magoti pembeni yake akishikilia kitambaa kisikunjamane, na Desmond, ambaye hakuambiwa aondoke, alibaki ameegemea gari.

"Uliogopa nini?" Alain aliuliza, kwa Kiswahili sasa.

"Wewe. Na pasteri wako. Mungeniambia naabudu mizimu ya Wachina."

"Alikupima nani?"

"Mama. Kwa mikono. Anajua bega langu iko chini, aliona siku ya kwanza."

Alishona kidogo. "Na Alhamisi?"

Laetitia alimtazama Desmond kabla ya kujibu, na jibu lenyewe alilisema kwa Kiingereza, ili wote wawili wapate. Mzee Lau figo zake zilikuwa zikifa kidogo kidogo. Kila Alhamisi Laetitia alimpeleka hospitali kusafishwa damu, akakaa naye, akamrudisha, akamwosha miguu iliyovimba. Mzee alimwapisha asiseme. Alijua kwamba mwanawe akisikia atafunga duka na kumhamishia Johannesburg.

Desmond aligeuka akaangalia ukuta, na kwa muda mrefu mgongo wake wa gunia haukutikisika.

"Lakini kwa nini binti?" Alain alisisitiza, sauti chini. "Iko watu wanatunza wagonjwa kila mahali. Hawavalishwi hivi."

Hapo Laetitia alikiachia kitambaa.

"Papa yangu alipokufa Uvira, wewe uliniambia nini?"

Alain alikumbuka. Mzee Jean-Bosco, baba mkwe wake, alifariki kwao Kongo juma lile lile kanisa lilipokuwa na mkutano mkubwa, na Alain ndiye aliyekuwa anashona sare za kwaya.

"Uliniambia sisi ni watu wa ufufuo, hatukai kulia. Ukasema tutaketi na watu baadaye. Hiyo baadaye haikufika. Nilienda kwa kazi asubuhi yake, kwa sababu nyumbani hakukuwa na mahali pa kulia. Mzee akaniona. Akafunga duka. Mama akanifungia kitambaa hapa," aligusa mkono wake wa kushoto, "kwao kushoto ni kwa baba. Nilikivaa dukani kutwa, na kila jioni nilikitoa ndani ya taxi kabla sijafika kwako. Mzee akasema, mtu hawezi kukaa mji huu bila baba, atafiwaje peke yake. Nikampikia chai, nikapiga magoti, nikampa, kwao ndivyo mtu anavyoomba kuwa mtoto. Akainywa. Tangu siku ile nilimwita Papa."

Alain aliinamisha kichwa juu ya mshono. Aliona kwamba ameshona hatua moja nje ya mstari, na akairudia.

Alipokata uzi, Mama Lau aliikagua nguo kwa vidole vyake vibaya, ukingo wote kuzunguka, akamvalisha Laetitia mwenyewe. Kisha akamfunga Alain kitambaa cheupe kiunoni, kwa sababu mkwe naye ana nguo yake. Desmond alisogea kando kidogo, nusu hatua hivi, na Laetitia akapiga magoti mahali palipobaki. Desmond hakumtazama. Wageni walinong'onezana, Wachina kwa Wachina na Wahindi kwa Wahindi, na Alain, aliyekuwa amewafungulia mkewe na mzee yule kesi nzima kichwani mwake tangu Jumamosi, aliwaona wote wakifanya kile kile alichokuwa akikifanya yeye.

Makaburini walimpa Alain mwavuli mweusi aushike juu ya picha ya marehemu. Jua lilikuwa kali. Mkono ulimuuma na hakubadilisha.

Walipomaliza kila mtu alipewa pipi ya kuondoa uchungu mdomoni, na hakuna aliyeaga. Ila Desmond alimfuata Alain hadi kwenye geti la makaburi.

"Siku ya mwisho," aliuliza, "baba alikuwa anasema nini?"

"Muulize dada yako," alisema Alain.

Desmond alilichukua neno hilo vibaya, ilionekana usoni. Lakini alikwenda kwa Laetitia, na Alain aliwaacha waongee.

Walifika nyumbani, Berea, alasiri. Laetitia alikuwa ameshavua gunia, amebakiza kitambaa kidogo kwenye mkono wa kushoto, na ndani ya taxi hakukitoa. Kwenye ngazi za jengo lao walikutana na Agathe, jirani wa ghorofa yao na mama wa maombi kanisani, akitoka na funguo mkononi. Jicho lake lilikwenda kwenye kitambaa kabla ya salamu.

"Mama Lyse, hii ni nini tena? Mmetoka wapi?"

Laetitia alimtazama mumewe, akangoja.

"Tumefiwa, mama," alisema Alain. "Bibi yangu amefiwa na baba."

"Baba gani? Si baba yake alikufa Uvira siku nyingi?"

"Na huyo pia. Hatukukaa kilio chake. Tunakaa sasa, kwa wote wawili. Karibu ndani."

Agathe aliwaangalia mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayenusa maziwa kabla ya kuyanywa. Aliuliza kama pasteri anajua. Alain akasema atajua. Kisha akafungua mlango, akavuta viti vyote vya mezani na kuvipanga ukutani, na Laetitia akaenda kuwasha jiko la chai.

Agathe aliingia. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, funguo bado mkononi, akaanza kuuliza huyo baba wa pili aliitwa nani.